Saini ya Kidijitali na Programu Zisizotakiwa: Historia ya Uthibitisho kwa Mtazamo wa Bujumbura

Katika Kirundi, neno "ingoma" hubeba maana mbili: ngoma yenyewe na ufalme. Karyenda, ngoma takatifu ya mwami, ilikuwa alama ya mamlaka yake. Swali la jinsi ya kuitambua alama ya kweli ya mwenye mamlaka ni la kale, na limerejea kwa sura mpya katika ofisi na vibanda vya kompyuta vya Bujumbura. Makala haya yanafuatilia historia ya saini ya kidijitali katika programu zinazopakuliwa, na yanajenga hoja kwamba saini huthibitisha asili ya programu, wala haithibitishi nia yake.

Msingi wa kinadharia uliwekwa mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipochapisha wazo la ufunguo wa umma. Mwaka uliofuata, Rivest, Shamir na Adleman walibuni mbinu ya RSA, iliyowezesha wazo hilo kutumika. Mtengenezaji hukokotoa muhtasari wa faili na kuutia saini kwa ufunguo wake wa siri. Mpokeaji huuhakiki kwa ufunguo wa umma uliomo katika cheti. Faili ikibadilishwa hata kwa herufi moja, uhakiki hushindwa. Katika zama za diski zilizouzwa madukani, mnunuzi aliamini kasha na muuzaji wake. Intaneti iliondoa vyote viwili, na mwaka 1996 Microsoft ikaleta Authenticode ili jina la mchapishaji lisafiri ndani ya programu yenyewe.

Bujumbura iliingia katika historia hii kwa njia yake. Kabla ya nyaya za SEACOM, TEAMS na EASSy kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, nchi isiyo na bahari ilitegemea zaidi setilaiti, na upakuaji ulikuwa ghali. Palipo na gharama hiyo, mmoja hupakua na wengine hunakili kwa flashi. Mtandao wa nyuzi wa Burundi Backbone System ulipunguza tatizo, lakini desturi ya kunakili haikutoweka. Desturi hiyo ina athari ya kiufundi. Windows huitia faili iliyotoka mtandaoni alama maalumu, na kwa alama hiyo humwonya mtumiaji anapoifungua. Flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT32 au exFAT, usiohifadhi alama hiyo. Onyo hupotea njiani. Saini iliyopachikwa ndani ya faili haipotei. Kwa hiyo, pale programu zinapopita mkono kwa mkono, kuhakiki saini kuna uzito mkubwa kuliko pale kila mtu anapopakua mwenyewe.

Hata hivyo, historia inaonya dhidi ya kuitegemea saini peke yake. Mwaka 2010 ilibainika kwamba Stuxnet ilitumia vyeti vilivyoibwa kwa kampuni mbili za Taiwan. Mwaka 2017, toleo la CCleaner lililopenyezwa msimbo hasidi lilisambazwa likiwa na saini halali ya mchapishaji wake. Programu zisizotakiwa ni mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa hazihitaji wizi wowote. Huletwa na kampuni zilizosajiliwa, zenye vyeti halali, na hujibandika kwenye programu nyingine kwa kibali ambacho mtumiaji amekibofya bila kukisoma. Superfish, iliyokuja ndani ya kompyuta mpya za Lenovo mwaka 2014, ilisimika cheti chake cha msingi na kudhoofisha uaminifu wa mfumo mzima. Kwenye Android, kila mtengenezaji anaweza kujitengenezea cheti. Saini huonyesha tu kwamba sasisho limetoka kwa mkono uleule.

Hivyo basi, manufaa ya saini yako katika jina lililomo. Mhakiki huuliza kama saini ni kamili, ni ya nani, na kama huyo ndiye mtengenezaji aliyekusudiwa. Kisakinishi cha programu mashuhuri kinapobeba jina la kampuni nyingine, mara nyingi kuna kitu kilichofungashwa pamoja nacho. Tena, kujua kama cheti kimebatilishwa kwa kawaida huhitaji mtandao. Ofisi isiyounganishwa huweza kuendelea kuamini cheti kilichokwisha kufa.

Sera za kanda zimeshughulikia pande mbili za jambo hili. Mfumo wa sheria za mtandao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 2010 ulihimiza kutambuliwa kwa saini za kielektroniki, na sheria ya Burundi ya mwaka 2022 inaadhibu uhalifu wa mtandao. Programu isiyotakiwa hupenya katikati: imetiwa saini na imepewa kibali. Aidha, orodha za mamlaka za vyeti zinazoaminiwa na kompyuta hutungwa na kampuni chache zilizo nje ya kanda, na katika kompyuta nyingi onyo husomeka kwa Kifaransa au Kiingereza, hata mbele ya msemaji wa Kiswahili wa Buyenzi. Kibali kilichotolewa kwa lugha isiyoeleweka hakistahili kuitwa kibali. Taasisi za umma zingeanza kwa kuweka orodha ya wachapishaji wanaokubaliwa, kuhakiki saini kabla ya flashi kugawiwa, na kuyaandika maonyo hayo kwa Kirundi na Kiswahili.