Umri wa chembe ya Z: jinsi unavyokadiriwa bila saa

Chembe ya Z, mojawapo ya chembe zinazobeba nguvu hafifu ya nyuklia, huvunjika upesi mno kiasi kwamba hakuna saa inayoweza kuupima umri wake. Wanafizikia huukadiria kwa kupima kutawanyika kwa nishati yake.

Msingi wa hesabu hiyo ni kanuni ya kutokuwa na hakika, iliyoasisiwa na Mjerumani Werner Heisenberg mwaka 1927. Kadiri chembe inavyodumu kwa muda mfupi, ndivyo nishati yake inavyokosa thamani moja kamili.

Chembe ya Z iligunduliwa mwaka 1983 katika Shirika la Ulaya la Utafiti wa Nyuklia, CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kuanzia mwaka 1989, mtambo wa LEP, uliokuwa katika handaki la mviringo la kilomita 27, uligonganisha elektroni na positroni kwa viwango mbalimbali vya nishati. Migongano iliyozaa chembe ya Z ilipochorwa kwenye grafu, kilele kilitokea karibu na elektrovolti bilioni 91.2.

Baada ya masahihisho, upana wa kilele hicho kwenye nusu ya kimo chake ni takriban elektrovolti bilioni 2.5. Namba thabiti ya Planck hugawanywa kwa mara mbili ya pai, kisha kwa upana huo. Jibu ndilo wastani wa umri wa chembe hiyo: sekunde 2.6 zilizogawanywa kwa 1 yenye sifuri 25. Katika muda huo, hata mwanga haukamilishi safari ya kuvuka protoni moja.

Vipimo hivyo vilihitaji umakini mkubwa. Mvuto wa mwezi, unaosababisha maji kupwa na kujaa baharini, ulibadilisha mzingo wa handaki kwa takriban milimita moja na kuathiri nishati ya mtambo. Wataalamu walilazimika kuuzingatia katika hesabu.

Faida yake ilikuwa kubwa. Kila njia ya kuvunjika huongeza upana wa kilele na kupunguza umri wa chembe, zikiwemo njia zinazozaa nyutrino, ambazo vifaa vya mtambo havikuweza kuzinasa. Upana uliopimwa unalingana na aina tatu za nyutrino nyepesi. Kama ingekuwepo aina ya nne ya namna hiyo, kilele kingekuwa kipana zaidi, na chembe ya Z ingevunjika mapema zaidi.