Mpangaji aliyekutwa ndani: kodi hupandishwa lini?

ANUNUAYE nyumba ya kupangisha mjini Bukoba, iwe Kashai, Hamugembe au Rwamishenye, hununua pia mkataba wa mpangaji aliyemkuta ndani. Kubadilika kwa jina katika hati hakuvunji mkataba huo, wala hakumpi mwenye nyumba mpya haki ya kudai nyongeza kwa miezi ambayo kodi yake imekwisha kulipwa kwa aliyeuza.

Hapo ndipo ugomvi huzuka, maana kodi aghalabu hulipwa ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo, na muuzaji huondoka na fedha. Shauri hilo ni la muuzaji na mnunuzi kulimaliza, si la mpangaji.

Muda ukiisha, hali hugeuka. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Mwenye nyumba hutaja kiasi akitakacho, na mpangaji hukubali au huhama. Pasipo muda uliokubaliwa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huuhesabu upangaji kwa kipindi cha malipo: alipaye kwa mwezi hustahili notisi ya kuondoka isiyopungua mwezi mmoja. Asiye na stakabadhi wala mkataba wa maandishi atapata taabu kuyathibitisha hayo mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.