Yai la Karatasi, Yai la Jiwe

Likizo ya Aprili ikikaribia, mtoto wa PP2 pale Kenyenya anaweza kurudi nyumbani na yai la manila, limekatwa kwa makasi na kupakwa krayoni. Mama analibandika ukutani. Lakini hebu jiulize: yai liliingiaje kwenye Pasaka, na karatasi ikaingiaje kwenye yai?

Tuanze na yai. Ulaya ya zamani, Kanisa lilikataza mayai wakati wa Kwaresima, sawa na nyama. Kuku naye hafungi, aliendelea kutaga tu. Pasaka ikifika mayai yamerundikana, watu wanayachemsha, wanayapaka rangi, wanapeana. Mwaka 1290, nyumba ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza ilinunua mayai 450 ya kupambwa kwa sikukuu hiyo.

Karatasi ilikuja baadaye. Mwaka 1837 Mjerumani Friedrich Froebel alianzisha shule ya watoto wadogo Blankenburg. Kwake mchezo ulikuwa somo: watoto walikunja karatasi, wakaikata, wakaisuka. Chekechea zilipoenea duniani, makasi na gundi vilisafiri nazo. Tena yai la karatasi halivunjiki, wala halipunguzi chakula cha nyumbani.

Gusii, Wakatoliki walikuwa Nyabururu tangu 1911, na Waadventista wakafuata. Waadventista ni wengi sana huku, na kalenda yao ya ibada haina sikukuu ya Pasaka. Kwa hiyo katika nyumba nyingi yai hili ni la darasani, si la kanisani. Mtaala wa CBC, ulioanza rasmi mwaka 2019, uliipa kazi ya mikono nafasi kubwa zaidi, na mzazi naye akazoea kutumwa manila na gundi.

Kinachouma ni hiki. Katika kaunti hii hii ya Kisii, kule Tabaka, mafundi wanachonga mayai ya jiwe la sabuni. Jiwe linachimbwa kwa mikono, linachongwa, kisha wanawake wanalisugua kwa msasa na maji mpaka liteleze. Likishapakwa rangi, fundi anaikwaruza kwa ncha kali, na weupe wa jiwe unatokea kama maua au twiga. Mengi yanapelekwa ng'ambo, na huko yanauzwa pia kama mapambo ya Pasaka. Sasa mtoto wa Kenyenya anafundishwa yai kwa picha iliyochapishwa saiba, kana kwamba ni kitu cha watu wa mbali, na kumbe majirani zake ni mafundi wa hilo yai.

Mwalimu hana haja ya kungoja wizara. Aweke yai moja la Tabaka mezani. Watoto wakate yai la manila, walipake krayoni za rangi angavu, wafunike zote kwa krayoni nyeusi, halafu wakwaruze kwa kijiti. Rangi za chini zitajitokeza, na mwalimu atakuwa na mahali pa kuanzia kuwaeleza kazi ya watu wa Tabaka.