Mlima wa Rubaya na Masijala Zake

Katika miaka ile ambayo ITSCI, mpango wa kufuatilia asili ya madini, ulikuwa ukiendeshwa Masisi, mashariki mwa Kongo, gunia la koltani lililoshuka kutoka mashimo ya Rubaya halikuwa na ruhusa ya kuondoka hata lifungwe shingoni kwa etiketi ya plastiki yenye namba yake peke yake, na karani wa serikali aiandike namba hiyo daftarini pamoja na tarehe na uzani. Likifika kwa negosiani, yaani mfanyabiashara wa kati, lilifungwa etiketi ya pili, ili mnunuzi wa ng'ambo, asiyepata kulikanyaga tope la Kivu, aweze kufuata nyayo za gunia lake kinyumenyume mpaka mlimani. Watunza nyaraka hushikilia kwamba hati isiyojulikana asili yake ushahidi wake ni dhaifu, na hapa jiwe nalo lilitendwa kama hati.

Sababu ilitoka mbali. Julai 2010 Marekani ilitia sahihi sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yachunguze na kutangaza asili ya madini yao. Septemba ya mwaka huo Rais Kabila wa Kongo akapiga marufuku uchimbaji wa mikono Kivu na Maniema, marufuku iliyodumu hata Machi 2011. Etiketi zenyewe zilifika Masisi mwaka 2014.

Lakini kuandikwa kwa nchi hii ni jambo la zamani zaidi. Kamati ya Taifa ya Kivu iliundwa mwaka 1928, ikagawa ardhi kwa walowezi; na tangu 1937 wakoloni wa Kibelgiji wakahamishia Gishari, katika Masisi, jamaa wengi wa Kinyarwanda. Nyaraka za utawala ule aghalabu ziko Brussels, na ramani za wanajiolojia zimo katika makumbusho ya Tervuren. Thamani yake haijapungua hata kidogo: mwaka 2025 Kinshasa ilipoandikiana na kampuni ya KoBold Metals ya Marekani, kuzihamisha hati za kijiolojia katika mitambo ya kompyuta kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokubaliwa.

Siku hizi mtafiti huanzia kwenye intaneti. Masijala ya madini ya Kongo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2002, huigawa nchi nzima kwa miraba ya hekta 84.955, na hati ya uchimbaji ya kampuni ya SMB juu ya milima hii hujulikana kwa namba 4731. Shirika la IPIS la Antwerp nalo limechora ramani za machimbo ya mikono. Miraba ni safi mno, naona, kwa mlima ambao wachimbaji wa ushirika wa COOPERAMMA waligombana na wenye hati hiyo miaka mingi.

Etiketi nayo ilisema gunia lilifungwa wapi, wala haikusema mawe yalichimbwa wapi. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba mpango huo ulitumiwa kutakasia madini ya magendo, na ITSCI ikakana. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliitwaa Rubaya, ambayo Umoja wa Mataifa huikadiria kutoa kiasi cha asilimia 15 ya tantali ya dunia, metali ipatikanayo katika koltani, na etiketi zikakoma. Tangu hapo masijala ya mlima imekuwa ripoti za wataalamu wa Umoja huo, zisomwazo bure na kila mwenye simu, kwa lugha sita rasmi ambazo Kiswahili si mojawapo. Mchimbaji atakaye habari za shimo lake hana budi aanze na Kifaransa.