Binti anayependa michezo lakini mwili wake si kama wa wenzake: mama au mlezi afanye nini?

Binti yako ana miaka 15. Sauti yake ni nzito, matiti hayajaota, hedhi hajaiona. Kwenye mbio hakuna anayemkamata. Mwaka jana alichaguliwa timu ya shule kwenda UMISSETA. Mwaka huu hataki hata kuvaa jezi. Kabla hujasema ni mvivu, soma maelezo haya.

Tunazungumzia watoto gani?

Wapo watoto wanaozaliwa na jinsi tata. Mitaani huitwa "wenye jinsia mbili". Viungo vyao vya uzazi, homoni au vinasaba havifuati mpangilio uliozoeleka wa kike au wa kiume. Wengine hujulikana siku ya kuzaliwa, wengine hadi wakati wa kubalehe. Si laana, hakuambukizi, na si kosa la mama.

Watu waliobadili jinsia ni kundi jingine. Mara nyingi miili yao ilizaliwa ya kawaida, lakini wao hujitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Usichanganye makundi haya mawili. Hata hivyo, yanayowavuta kwenye michezo na yanayowafukuza yanafanana sana.

Nini kinawavuta kwenye michezo?

Kwanza ni yale yale yanayomvuta mtoto yeyote: furaha, marafiki, afya, na kupunguza mawazo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi ya wastani wa dakika 60 kwa siku. Rede, kuruka kamba, chandimu na kupanda mlima na ndoo ya maji vyote vinahesabika.

Kwao kuna sababu nyingine pia. Mtoto anayesemwa kila siku kwa umbo lake, uwanjani husifiwa kwa kile mwili wake unachoweza. Watu waliobadili jinsia nao hueleza kwamba mazoezi huwasaidia kuutengeneza mwili uwe karibu na wanavyojihisi, na huwatuliza moyo.

Nini kinawafukuza?

Kubadilisha nguo mbele ya wenzao. Sare inayobana. Kuitwa "dume". Kupangwa kwenye timu kwa mabishano mbele ya watu. Kibaya zaidi ni mtu mzima kutaka "kumkagua". Ndiyo maana wengi huacha timu na kukimbia peke yao, au huacha kabisa.

Mfano wa jirani zetu

Francine Niyonsaba alizaliwa Ruyigi, Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wa Kibondo. Mwaka 2016 alipata medali ya fedha ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio. Mwaka 2019 alisema wazi kwamba mwili wake kwa asili hutengeneza homoni ya testosteroni kwa wingi. Mwaka huo kanuni za shirikisho la riadha la dunia zilimzuia kukimbia mbio za wanawake za mita 400 hadi maili moja bila kushusha homoni hiyo. Alihamia mbio ndefu. Mwaka 2021 alikuwa wa 5 katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na Septemba mwaka huo aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5:21.56. Machi 2023 zuio likapanuliwa hadi mbio zote.

Kanuni hizo ni za mashindano ya ngazi ya dunia. Hazimpi mwalimu wala kiongozi wa timu ruhusa ya kumvua mtoto nguo.

Annet Negesa wa Uganda aliondolewa kabla ya Olimpiki ya London 2012, kisha akafanyiwa upasuaji. Baadaye alieleza kwamba hakuelezwa vya kutosha, na kwamba nguvu zake hazikurudi kama zamani. Funzo kwa mlezi: usikubali upasuaji usio wa dharura kabla hujaelewa faida, madhara, na kama unaweza kusubiri hadi mtoto akue ajiamulie.

Ufanye nini?

- Muulize mkiwa wawili: "Uwanjani kuna kinachokuudhi?" Kisha msikilize bila kumkatiza.
- Zungumza na mwalimu wa michezo faraghani. Omba mtoto avae nguo za michezo kutoka nyumbani, au apewe sehemu ya kubadilishia peke yake.
- Akikataa timu, mtafutie mchezo mwingine. Kukimbia na ndugu yake jioni kunatosha kuanzia.
- Siri ya mwili wake ni yake. Usiipeleke kisimani wala kwenye kikoba.
- Mtu akimkagua au akimtishia, toa taarifa kwa ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116 bure.

Nenda kituo cha afya ikiwa

- binti amefika miaka 15 bila hedhi, au miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti;
- binti ana uvimbe kwenye kinena;
- sauti yake inakuwa nzito au anaota ndevu.

Omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi Maweni, Kigoma.

Wahi hospitali siku hiyo hiyo ikiwa mtoto mchanga ana sehemu za siri zisizoeleweka kama ni za kike au za kiume, hasa akitapika, akilegea au akikataa kunyonya. Huenda mwili wake unapoteza chumvi. Hali hiyo huua ndani ya wiki chache za mwanzo, lakini ina dawa. Usimfiche ndani kwa aibu, na usianze kwa mganga wa kienyeji.

Mtoto atakayetibiwa na kuheshimiwa mapema ndiye atakayerudi uwanjani.