Gari la Buti Refu Katika Barabara za Uluguru

Morogoro ni mji wenye barabara za aina mbili. Ukitoka Msamvu kwenda Dar es Salaam au Iringa, unateleza juu ya lami. Ukiligeuza gari kuelekea Mgeta, Kinole au Matombo kwenye milima ya Uluguru, unakutana na udongo mwekundu, kona za ghafla na, masika yakikolea, utelezi unaomlazimu dereva ashuke kwanza aangalie pa kupita. Mji wa namna hii huchagua magari yake wenyewe. Ukiiacha Land Rover, ambayo huko milimani ina heshima yake, mimi nasema gari lililoufaa mji huu kuliko yote ni wagoni, lile la buti refu. Tena lililokwisha kula chumvi.

Sifa zake zilianza na Peugeot. Modeli ya 404 ilitoka mwaka 1960, na wagoni yake ya familia ilikuwa na safu tatu za viti. Jina la 404 lilijengwa kwenye East African Safari, mashindano yaliyoanza 1953 na kwa miaka mingi yakizunguka Kenya, Uganda na nchi yetu. Ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 una mkono wa Tanzania: dereva alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa nchini, akiongozwa njia na Chris Rothwell. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mnunuzi aliyesikia habari hizo hakuhitaji tangazo.

Mwaka 1968 ikaja 504, na wagoni yake ikafuata 1971. Hapa lazima nisimame kidogo, maana sijaona gari jingine la familia lililofikiriwa vizuri namna hii kwa ajili ya mizigo. Ekseli ya nyuma ni moja nzima, imebebwa na springi nne za koili, mbili kila upande. Ukijaza abiria hadi safu ya tatu, ukafunga magunia kwenye keria, nyuma haiketi chini. Tairi linazama kwenye shimo na kuinuka bila kuvunja mgongo wa aliyekaa nyuma. Kwenye injini kuna kabureta, hakuna kompyuta. Fundi mwenye spana na sikio zuri anaimaliza kazi chini ya mwembe.

Wapenzi wa kupe, gari la milango miwili, watanikumbusha Datsun 240Z. Ni kweli: ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 chini ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kisha 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 kupe ya V6. Bodi ya kupe hiyo ilichorwa na Pininfarina wa Italia, na kwangu ndiyo Peugeot nzuri kuliko zote kwa sura. Lakini magari hayo yalikuwa na mafundi na spea zinazowasubiri njiani. Mwalimu wa Mzumbe mwenye gari moja, watoto wanne na mkungu wa ndizi hana msafara huo. Anayetaka kupe ya bei nafuu leo namshauri atafute Corolla Levin ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A, iliyotumika pia kwenye Corolla za kawaida. Uzuri usio na spea utaishia kufunikwa turubai.

Miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuwa ya ukame. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, mafuta ghali, na kuna kipindi magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Ndipo Peugeot zilipodhihirisha ubora wao: zilichomelewa, zikabadilishwa bushi, zikaendelea. Bajeti ya 1984 ikamruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya hapo mlango ukazidi kufunguka. Magari yaliyotumika Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu, yakaanza kujaa.

Corolla za wagoni zikarithi kiti cha Peugeot. Mwaka 2002 Toyota ikatoa Probox, gari la kazi lisilo na urembo wowote. Nalipenda kwa sababu hiyo hiyo. Buti lake ni bapa, na injini ya 1NZ ya cc 1,500 ni ile ile iliyomo kwenye IST nyingi, hivyo spea zake hazisumbui kupatikana.

Kinachonikera ni kodi ya uchakavu. Kenya imezuia kabisa kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Sisi tunaruhusu, lakini gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Hesabu hiyo inatazama mwaka wa kutengenezwa, haitazami hali ya gari. Wagoni ya miaka 12 iliyotunzwa, yenye bodi isiyo na kutu, inatozwa zaidi ya gari la miaka 7 lililokwisha choka. Ningependa mkaguzi alale chini ya gari, atikise bushi, achungulie chasisi, ndipo kiwango kipangwe.