Kodi ya Asilimia Tatu Iliyodumu Miezi 22

Kuanzia Septemba 1, 2023, kijana wa Kaloleni, Kisumu, aliyeuza bitcoin za shilingi 100,000 alipaswa kukatwa shilingi 3,000, awe alizinunua kwa 60,000 au kwa 140,000. Sheria ya Fedha ya mwaka huo haikujali faida wala hasara. Mwenye jukwaa la biashara alitakiwa kukata asilimia 3 ya thamani yote na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ndani ya siku tano za kazi.

Anayeuza ploti mjini Kisumu hutozwa asilimia 15, lakini ya faida tu.

Nyanza, eneo liliko Kisumu, ilikwishaijua kodi isiyojali faida. Kodi ya kibanda ya wakoloni ilihesabu nyumba, si mavuno, na mkutano wa Piny Owacho, vuguvugu la kisiasa la Waluo, uliofanyika Lundha, Gem, Desemba 1921, uliweka kodi miongoni mwa malalamiko yake.

Kuhusu bitcoin, Serikali ya Kenya yenyewe ilikuwa na ndimi mbili. Desemba 2015, Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi kuwa bitcoin si fedha halali na kwamba anayepoteza asitarajie ulinzi. Miaka minane baadaye, bidhaa hiyohiyo isiyolindwa ikawa halali kutozwa kodi! Mahakama nazo zikavutana: Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 nzima, na Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo.

Kilichoiua kodi hiyo ni Bunge. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza ishushwe hadi asilimia 1.5, wabunge wakaifuta kabisa. Tangu Julai 1, 2025 kinachotozwa ni ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya ada ya jukwaa. Ada ikiwa shilingi 500, ushuru ni 50. Oktoba mwaka huo Rais William Ruto akatia saini sheria ya kuwapa leseni watoa huduma za mali za kidijitali, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilikuwa imeanzisha kodi yake ya asilimia 3 Julai 2024.

Hata hivyo, kufutwa huko hakukugusa kodi ya mapato. Anayeifanya biashara hii kuwa kazi atunze kumbukumbu za bei aliyonunulia na aliyouzia, maana faida yake inapaswa kuonekana kwenye ritani kufikia Juni 30.